Mkono Usio na Alama

Haya niliambiwa na Rosina mwenyewe, mwaka juzi, tulipokuwa tunapukuchua mahindi barazani kwake pale Kwamndolwa. Mvua ilikuwa imekatika ghafla, jua limetoka na lile joto lake la kunata, na mimi nikasema kwa kupitisha maneno tu, "Mvua hizi zinanikumbusha zile za elinino." Rosina akabaki na gunzi mkononi. Hakulitupa wala hakuendelea nalo. Ndipo akaanza, na mahindi yale hatukuyamaliza siku hiyo.

Wakati huo yeye na mumewe walikuwa wanaishi upande wa Handeni, kijiji kimoja cha Misima, nyumba iliyo nyuma ya zahanati. Mumewe ndiye aliyekuwa mganga wa zahanati hiyo. Jina lake Hiza, Mzigua wa hapohapo, lakini kijiji kizima kilimwita daktari, maana aliyepo ndiye daktari. Ilikuwa miaka ile serikali ilipoanza kusema wananchi wachangie matibabu, mashamba ya mkonge yanauzwa kwa matajiri, dawa zimejaa kwenye maduka ya mjini na kabati la zahanati limebaki na harufu ya dawa tu.

Ikaja mvua. Ikachukua madaraja, ikajaza vyoo, na vyoo vikatapika kwenye visima. Baada ya hapo ukaingia ugonjwa wa kuharisha, ule ambao mtu huamka mzima na jioni macho yameshazama kama ya maiti. Barabara ya Korogwe ilikuwa imekatika na gari la dawa halipiti. Hiza alikuwa na chupa chache za dripu ndani ya sanduku, na ndoo kubwa ya maji ya chumvi na sukari aliyokuwa akiyachanganya mwenyewe kila asubuhi.

Aliyeletwa kutoka nyumba ya Hiza mwenyewe alikuwa mama yake mzazi.

Bibi Grasiana aliingia zahanati kwa miguu yake akishikiliwa na Rosina, akalazwa kitanda cha dirishani. Alikuwa mwanamke mwenye utani mdomoni hata akiwa na homa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukunja mkono wa gauni lake mpaka begani, akaunyoosha mkono nje ya kitanda, kiganja juu.

"Nimeshauandaa," alisema. "Asije mwanangu akapoteza muda kuutafuta."

Rosina alimletea kikombe. "Mama, kunywa kwanza."

"Hayo ni maji ya watoto wanaoota meno, mkwe wangu. Mwanangu ana dawa ya chupa. Akishanifunga chupa nitakunywa na hayo yako, nisikuvunje moyo."

Watu wengi walikuwa hivyo. Dripu kwao ndiyo dawa, kwa kuwa inaning'inia juu na inaingia kwa sindano. Maji ya chumvi na sukari waliyaona kama kuzugwa, kama mtu aliyekwenda kuomba nyama akapewa mchuzi.

Hiza alikuja. Alifunga mpira juu ya kiwiko cha mama yake, akagongagonga ngozi kwa vidole viwili, akainama. Mgongo wake ulikuwa mpana, ukaziba. Rosina hakuona kitu. Akasikia tu pumzi ya mumewe, kisha akaona mpira unafunguliwa.

"Mshipa umegoma, mama."

"Jaribu tena, mwanangu."

"Nitajaribu. Pumzika kwanza, nitarudi."

Akaenda chumba cha pili, ambako mwanamke mmoja mwenye kichanga alikuwa amelazwa tangu alfajiri na chupa inamdondokea. Bibi Grasiana akabaki na mkono nje. Rosina alimbembeleza kwa kikombe, yeye akafunga midomo kama mtoto. "Subiri. Amesema anarudi." Na Rosina naye, hebu tuseme ukweli, hakumlazimisha sana, maana naye alisikia kwamba anarudi. Adhuhuri ikapita. Bibi akaacha kusema, lakini mkono hakuurudisha. Kuku walipoanza kuingia bandani, mkono ulikuwa bado pale pale, na mwenyewe hayupo.

Kwa ajili ya ugonjwa, Hiza aliruhusu waoshaji wawili tu wa maiti, mikono ndani ya mifuko ya nailoni, maji yenye dawa ya klorini. Mmoja alikuwa Rosina. Wa pili alikuwa Paulina, muuza vitumbua.

Paulina alizaliwa kwenye kambi za wakata mkonge kule Ngombezi. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na manamba, vibarua wa mkataba, na yeye akaolewa Misima, akafiwa na mume, akabaki. Wanyamwezi na Wazigua ni watani. Kwa hiyo msiba wowote wa Mzigua pale kijijini ulikuwa kazi yake: aoshe, apike, na atukane. Mtu aliyefiwa halafu Paulina asimtukane angejiuliza amemkosea nini.

Alikuwa anausugua mkono wa marehemu polepole. Akauinua, akaugeuza kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Akauweka. Akauchukua wa pili, akaugeuza nao.

"Rosina."

"Abee, dada."

"Mshipa uligomea wapi?"

Rosina aliangalia maji ndani ya beseni.

"Mimi nimechomwa sindano nyingi. Sindano inayotafuta mshipa huacha alama kama mbu aliyelewa, hapa na hapa na hapa. Huyu mkono ni msafi kama wa bibi harusi."

"Dada Paulina, nakuomba."

"Sijasema kitu. Nimeuliza." Akaendelea kusugua. Baadaye akasema, kama anaongea na marehemu, "Haya, bibi. Mtani wako nitakulilia, lakini kwa namna yangu."

Siku ya kuzika, Paulina alitangulia makaburini. Waliobeba jeneza walipofika walimkuta amekaa juu ya kifusi cha udongo, amefunga kamba ya mkonge kutoka mti mmoja hadi mwingine, njia haipitiki.

"Hapa hapiti mtu bila kupimwa!" alipiga kelele. "Leo mimi ndiye daktari! Panga foleni!"

Watu wakaanza kucheka kabla hata hajasema la maana, maana walikuwa na hamu ya kucheka, wamezika mno wiki zile. Paulina akamvuta Mzee Sadala, jirani wa Hiza, mzee wa kofia iliyotoboka, akamfunga uzi wa mkonge juu ya kiwiko. Akagongagonga ngozi kwa vidole viwili. Akainama, mgongo akaupanua kama mtu mwenye mabega makubwa.

"Mshipa umegoma!" akasema kwa sauti nzito ya Hiza. "Huyu kuni zimekwisha jikoni, pelekeni nyuma! Nileteeni mwenye meno yote!"

Makaburi yakalipuka kwa kicheko. Mzee Sadala alicheka mpaka akavua kofia kufuta machozi. "Mnyamwezi huyu ana kichaa," alisema. "Ana kichaa kabisa."

"Na wewe mtani," Paulina akamgeukia Hiza. "Lete mkono."

Hiza akautoa. Hakuna anayemkatalia mtani mbele ya kaburi. Paulina akaufunga, akaugonga, akauangalia muda mrefu kuliko ilivyotakiwa na mchezo. Kicheko kikapungua kidogo.

"Wako haujagoma," alisema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Unadunda vizuri sana."

Hiza akatoa sarafu mfukoni, akamwekea kiganjani. Ndiyo desturi, mtani hulipwa ndipo afungue njia. Paulina akaikata kamba. Katekista akafungua kitabu chake, na watu wakapita huku wengine bado wameshika mbavu. Waliokuwa hawajacheka ni wawili tu, mtu na mkewe.

Walipobaki peke yao nyumbani, Hiza alikuwa uani ananawa mikono. Alinawa, akafuta, akanawa tena.

"Baba Richard," Rosina alisema. "Hukumchoma."

Maji yaliendelea kumwagika. "Sikumchoma."

"Hata kujaribu?"

"Hata kujaribu." Akageuka. "Chupa zilizobaki ni za kuhesabu kwa vidole, Mama Richard. Yule mama wa chumba cha pili ana kichanga, na kwake ameacha wengine wadogo. Akifa yeye, kichanga kinamfuata, na hao wengine wanabaki kuomba omba. Mama yangu alikuwa ameishi. Nilipima. Siku zote nimeamini jambo moja, kwamba jema ni lile linalobakiza watu wengi zaidi. Kama ningempa yeye kwa kuwa amenizaa mimi, ningekuwa mwizi wa dawa ya umma."

"Sijasema ulipima vibaya."

"Sasa unasema nini?"

"Nauliza kwa nini hukumwambia."

Hiza akacheka kicheko kikavu. "Nimwambie nini? Mama, nimekuacha?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Na akimwambia jirani? Jirani akamwambia mwenzake? Kesho hakuna mzee atakayeletwa hapa. Watawaficha majikoni, wazee wataharisha humohumo penye sufuria, na wajukuu watashika. Watakufa wengi kuliko sasa. Imani yangu yenyewe ndiyo inayonikataza kuisema. Kuna jema ambalo ni kama mbegu. Ukilifukua ili watu walione, umeliua."

"Mbegu huota ikaonekana, Baba Richard. Kinachofukiwa kisionekane tena ni maiti."

Rosina alikuwa ameshika kile kikombe cha bati, hata hakujua amekishika tangu saa ngapi.

"Mama hakunywa," alisema.

"Nini?"

"Hakunywa hata funda moja. Alisema atakunywa ukishamfunga chupa. Ulimwambia unarudi, akakungoja. Mkono ule aliuacha nje kwa ajili yako. Wewe ulipima chupa tu. Kikombe hukukipima."

Hiza alikaa kwenye jiwe la kufulia. Rosina anasema alikaa kama gunia linaloshushwa. "Nilikuacha naye," alisema. "Nilijua unamnywesha."

"Na mimi nilijua unarudi na sindano. Kila mmoja alikuwa anamtegea mwenzake, na mama yuko katikati. Angejua chupa haiji, angekunywa. Alikuwa mtu wa kupenda kuishi, yule."

Rosina akaendelea, maana neno likishafungua mlango na wenzake hupita.

"Na mimi je? Nikiugua kesho, ukiniambia mshipa umegoma, nitakuaminije? Hata ukiniambia mboga ni tamu. Nitakaa hapo nikijiuliza, ni tamu kweli, au daktari amepima akaona heri nisijue?"

"Wewe ni mke wangu."

"Na yule alikuwa mama yako."

Kuanzia siku ile Rosina akawa hana amani na chumba cha bibi. Bibi Grasiana alikuwa na tabia ya kulala na mkono mmoja nje ya chandarua. Ukimwambia auingize, alisema mbu wa nyumba hii wameshamzoea, waache wapate sehemu yao. Rosina alipoingia kukivua chandarua akifue, aliona upande ule kimevimba, kimeshika umbo la mahali mkono ulipokuwa ukipita. Alitoka bila kukigusa. Baadaye kila kitu kirefu alichokiona kililala hivyo, kiganja juu: mhogo ndani ya ungo, kuni iliyochomoza jikoni, mkono wa mwana wao Richard, aliyekuwa akisoma mbali, kwenye picha ya ukutani. Alikuwa akipita mlangoni kwa bibi anageuza uso, na akigeuza uso anausikia ule mkono ukisema, nimeshauandaa.

Wamasai waliokuwa wakichunga huko nyikani, upande mkavu, walichelewa kupata ugonjwa. Ulipowafika, asubuhi moja kijana wao mmoja, Lenku, alimleta baba yake, Mzee Metito, juu ya kitanda cha kamba, yeye na ndugu zake wamekibeba tangu usiku. Viatu vyao vya tairi vilikuwa vimekuwa matope matupu.

Benchi la nje lilikuwa limejaa. Mwinjuma, mtoto wa Mzee Sadala, alikuwapo na binti yake mdogo aliyekuja kutafutiwa dawa ya minyoo. Paulina alikuwapo na sinia lake la vitumbua. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo kilichosemwa ndani kilisikika chote.

"Shikamoo, mzee," Hiza alisema.

"Marahaba," Metito alijibu kwa sauti ya karatasi.

"Dakitari," Lenku alisema, "tumepita wauza dawa wawili njiani, wote wanataka mbuzi kwanza. Tukasema hapana, twende kwa yule wa Misima. Yule ni mtu wa kweli. Hata mama yake alimpigania mpaka mshipa ukagoma."

Hiza alichukua mpira, akaufunga kwenye mkono wa mzee juu ya bangili zake za shanga. Akagongagonga. Rosina alikuwa mlangoni na kikombe. Akaona mgongo wa mumewe unaanza kuinama, ule ule, kwa namna ile ile.

Hakupiga kelele. Alizunguka kitanda akaenda kusimama upande wa pili, mahali ambapo Hiza akiinua macho ni lazima amwone. Akakishika kikombe kwa mikono miwili.

Hiza akainua macho. Midomo yake ilikuwa tayari imeanza lile neno. Ikakaa hivyo, nusu wazi, mpaka Lenku akauliza, "Vipi?"

"Mzee," Hiza alisema, "dripu sitakupa."

"Mshipa?" Lenku aliuliza.

"Mshipa wake mzuri. Huu hapa. Chupa zilizobaki nimezitenga kwa watoto na kina mama wanaonyonyesha, mpaka barabara ifunguliwe. Mzee atakunywa maji haya. Ni dawa, si kuzugwa. Akinywa kwa bidii, kutwa nzima, anaweza kupona. Akingoja chupa atakufa anaingoja."

Lenku aliinua fimbo yake. Hakumwelekezea mtu, aliiinua tu, kama mtu asiyejua pa kuiweka. "Kwa sababu sisi Wamasai? Kwa sababu tunanuka maziwa?"

"Hapana. Kwa sababu yeye ni mzee."

"Mbona mama yako ulijaribu kumpa!"

Hiza aliufungua mpira kwenye mkono wa mzee.

"Mama yangu sikumpa," Hiza alisema. "Mshipa haukugoma. Sikumchoma. Nilimdanganya, na nimewadanganya ninyi wote."

Nje, Paulina aliweka sinia chini. Yeye aliyelisema neno hilo makaburini watu wakashika mbavu, sasa alijifunika kanga mdomoni. Mwinjuma alisimama, akamshika binti yake mkono, akaondoka bila dawa ya minyoo.

Aliyecheka alikuwa Metito. Kicheko kilimuuma, akakikatiza. "Weka fimbo chini, Lenku. Mwaka wa ukame ulikuja kuniuliza, baba, maji haya kidogo anyweshwe ng'ombe yupi? Nikakuonyesha wa kunyweshwa na wa kuachwa. Wazee ndio niliowaacha. Sikulala vizuri, lakini niliwaacha." Akageuza shingo kumtazama Hiza. "Ila sikumwambia ng'ombe kwamba kisima kimegoma. Hayo maji yako yana ladha gani?"

"Kama machozi yaliyotiwa sukari."

"Lete. Nilikunywa kibaya zaidi kwenye harusi ya huyu."

Lenku alikaa chini akamnywesha, kifuniko kwa kifuniko cha kibuyu chake, akikijaza kila kinapokwisha. Mzee akitapika, Lenku anaanza upya. Akigoma, anamgombeza kama ndama anayekataa chuchu. Jua lilipoinama Metito aliomba maziwa, akanyimwa, akatukana. Rosina aliposikia lile tusi alitoka nje kwenda kulia, kwa sababu ndani ya tusi lile alisikia jinsi Bibi Grasiana angetukana.

Hapa ndipo mtu angependa hadithi iishie. Mimi mwenyewe nilimwambia Rosina, "Basi ukweli uliponya." Akanitazama. "Subiri," alisema.

Maneno yalikimbia kuliko maji ya mvua. Kesho yake benchi lilikuwa na wenye watoto tu. Hakuna mzee aliyeletwa, wala aliyepita barabarani kuelekea huko. Rosina akachukua ndoo na kikombe, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wengine walimpokea, hasa waliokuwa wamemwona Metito kakaa kivulini ananusa ugoro. Wengine walimwambia asante, hatuna mgonjwa, huku wamesimama mlangoni wameuziba kwa miili yao.

Mzee Sadala hakuonekana. Hiza alimkuta Mwinjuma kisimani.

"Mzee yuko wapi?"

"Amesafiri. Yuko kwa ndugu, Ngombezi."

Ngombezi, na madaraja yote yamekwenda na maji! Hiza alimfuata mpaka kwake. Alipokaribia ua, mke wa Mwinjuma akatoka na beseni la maji machafu, akayamwaga karibu kabisa na viatu vyake, bila kumtazama.

"Mwinjuma, ndugu yangu," Hiza aliita. "Sijaja kuchukua mtu. Nimeleta maji ya kunywa na dawa ya kumwaga chooni. Fungua."

"Hapa hakuna mtu wa kupimwa umri," Mwinjuma alijibu kutoka ndani. "Ulimpima mama yako, ukaona hafai. Baba yangu nani atamwona anafaa?"

Kutoka jikoni ilikuja ile harufu ya ugonjwa. Hiza alisimama pale mpaka watoto wa jirani wakaanza kumwonyesha vidole na kugongagonga mikono yao kwa vidole viwili, "Mshipa umegoma! Mshipa umegoma!" Akaacha chupa ya klorini mlangoni, akarudi.

Mzee Sadala alifia jikoni kwa mwanawe, na wakamzika kimya kimya bila kuita mtu. Kisha akaugua yule binti mdogo. Ndiye aliyekuwa akimpelekea babu uji, maana babu hakutaka uji wa mtu mwingine. Walipomkimbiza zahanati, chupa ilikuwapo, imetengwa kwa ajili ya mtoto kama yeye. Hiza alichoma, akachoma tena, mkono huu na mkono ule, na miguu. Safari hii mshipa uligoma kweli. Na Mwinjuma alikuwa amesimama pale anamtazama mdomoni alipokuwa akilitamka neno hilo.

Hiza alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Rosina alimwona usoni.

"Yule wa Mwinjuma," Hiza alisema. "Wa kupeleka uji."

Rosina alikaa kizingitini.

"Nilikuambia watawaficha," Hiza alisema. Hakusema kwa hasira; hasira angalau ingempa Rosina cha kujibu. "Mama ni wa uongo wangu. Huyu ni wa ukweli wetu. Sasa kila mtu ana wake."

"Mzee Sadala alifichwa kwa sababu ya ukweli," Rosina alisema polepole, "au kwa sababu uliusema ukiwa umeshadanganya? Kama ungeanza nao tangu siku ya kwanza, ukasimama barazani, ukasema chupa ni chache, na hivi ndivyo nitakavyozigawa, na maji haya ni dawa..."

"Labda."

"Labda," Rosina naye akasema. Na wakaliacha hapo, maana labda haina mlango wa nyuma.

Kwenye kilio cha mtoto yule Paulina alikwenda, akachota maji, akakoroga uji, akaosha vyombo. Hakumtania mtu hata mmoja. Mtu mmoja alimwuliza, "Mtani, leo vipi?" Akajibu, "Leo mdomo umegoma." Kisha akainamisha kichwa, akajuta kwamba hata hilo amelisema.

Jioni ile mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha nyumbani kwa Hiza, wakalala mapema kama kuku, mwanga bado unaingia dirishani. Rosina alikuwa ameweka kikombe kilichojaa juu ya kigoda, karibu na kitanda. Tangu bibi afe hakulala bila kukiweka.

"Baba Richard."

"Mm."

"Na mimi, siku yangu ikifika. Chupa ikiwa moja na mwenye kichanga yupo."

Hiza hakujifanya hakuelewa. "Nitampa mwenye kichanga."

"Najua. Siulizi hilo. Utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Machoni?"

"Machoni, Mama Richard. Kabla sijafunga mpira."

Aliligeuza jibu lile kama mama sokoni anayegonga sarafu kwenye jiwe, asikie kama ni ya kweli. Lilikuwa na mlio mzuri. Lakini hata lile la kwanza, nitajaribu, pumzika kwanza, nitarudi, lilikuwa na mlio mzuri.

Hiza ndiye aliyepotelea usingizini kwanza. Mkono wake ukateleza, ukatoka nje ya chandarua, ukalala hewani kiganja juu, kama wa mama yake, kama vile waliambiana. Rosina aliutazama mpaka mwanga ulipobaki kidogo. Alitaka kuurudisha ndani. Akaushika pale kwenye kifundo, ukawa wa moto, unadunda vizuri sana. Hakuurudisha. Akautoa na wake, akaulaza juu ya ule, akawaachia mbu wagawane wenyewe. Kisha naye akalala.